Usitupe Zile Nyembamba: Programu za Tamthilia Alizoacha Mjomba

Msomaji mmoja, mzaliwa wa Mombasa anayeishi Leicester, Uingereza, ameniandikia barua ndefu ambayo naifupisha hivi. Mjomba wake alikuwa baharia, akaja kutulia Liverpool, na sasa amefariki. Ameacha sanduku la bati lenye programu zipatazo 140 za michezo ya jukwaani, yaani vijitabu na karatasi za kutambulisha mchezo na waigizaji wake, tangu miaka ya 1950 hadi ya 1980. Nyingine ni kubwa, za karatasi ya kumeta, zimejaa picha. Nyingine ni nyembamba, kurasa nne hadi nane, nusu yake matangazo ya mafundi cherehani na wauza samani, pini zimeshika kutu, na nyingi hazina mwaka. Chache zimetoka kwetu Afrika Mashariki. Rafiki yake amemshauri abaki na zile nzuri na kutupa nyembamba. Anauliza: ashike ushauri huo? Mwaka wa programu isiyo na mwaka ataujuaje? Na azitunze vipi?

Dada yangu, pole kwa msiba. Mungu amrehemu mjomba wako, na amlipe kwa kutunza karatasi ambazo wenzake waliziacha chini ya viti.

Usitupe hata moja. Na kama ingekuwa lazima kuchagua, ningekuambia uokoe nyembamba kwanza.

Rafiki yako hakukosea kwa ubaya. Hata mimi nilianza kukusanya programu kwa macho, nikivutwa na zile zenye picha. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kundi la tamthilia linapozunguka miji, watazamaji huuziwa vitu viwili tofauti. Kimoja ni kijitabu cha kumbukumbu. Hicho huchapwa mara moja kwa ziara nzima, maelfu ya nakala, kikiwa na picha za waigizaji wakuu na maelezo ya maisha yao. Mara nyingi hakina tarehe wala jina la mji, kwa sababu kinachouzwa Leeds wiki hii ndicho kitakachouzwa Glasgow wiki ijayo. Cha pili ni programu ya ukumbi wenyewe. Kila ukumbi ulikuwa na mchapaji wake, ambaye kila wiki alitoa programu mpya iliyogharimiwa na matangazo ya maduka ya jirani. Wiki ikiisha, kundi linapanda treni, programu zilizobaki zinakwenda jalalani. Hiyo ndiyo inayotaja mji, ukumbi, siku, saa za kuanza, bei ya viti, na nani hasa alicheza nafasi ipi wiki ile.

Kwa hiyo zile nzuri zilichapwa kwa wingi na zikatunzwa kwa wingi. Zile nyembamba zilichapwa kwa wiki moja na zikafungiwa samaki. Ninapomwona mtu ana kijitabu cha kumbukumbu cha ziara fulani, nafurahi naye. Nikimwona ana programu ya Jumatano fulani, mji fulani, na jina la mwigizaji aliyeshika nafasi kwa siku tatu tu kwa kuwa mwenzake aliugua, naomba kiti nikae.

Chukua mfano wa Manchester, jirani na alikoishi mjomba wako. Kwa miaka mingi michezo mikubwa ilijaribiwa kwanza katika miji kama huo kabla ya kupelekwa London, ili kasoro zirekebishwe mbali na macho ya wahakiki wa jiji kuu. West Side Story ilionyeshwa Ulaya kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Opera House wa Manchester, Novemba 1958, kisha Desemba mwaka huohuo ikafunguliwa katika ukumbi wa Her Majesty's, London. Programu ya Manchester ni ya wiki chache tu. Ya London ni ya miaka. Pekua sanduku uone kama kuna programu yenye maneno ya Kiingereza yenye maana ya "kabla ya kuonyeshwa London". Ukiyaona, iweke kando.

Marekani walifanya vivyo hivyo, na huko ziara za majaribio ziliacha hazina za ajabu zaidi, kwa sababu mchezo uliweza kubadilishwa hadi jina. Machi 1943, katika ukumbi wa Shubert mjini New Haven, watu walinunua tiketi za mchezo wa muziki ulioitwa Away We Go! Ukapelekwa Boston, ukakarabatiwa, na ulipofunguliwa New York tarehe 31 mwezi huohuo ulikuwa unaitwa Oklahoma! Programu yenye lile jina la kwanza ni karatasi ya kawaida kabisa ukiishika, lakini ndiyo ushahidi wa mchezo ukiwa bado unatafuta sura yake. Mjomba wako akiwa baharia huenda alitia nanga New York. Ukikuta vijitabu vyenye utepe wa njano juu na neno Playbill, ujue hivyo vilitolewa bure mlangoni. Kampuni ya Playbill inayovichapa ilianza mwaka 1884, na tofauti na desturi ya Uingereza, mtazamaji wa huko halipii programu. Kwa hiyo ziko nyingi sana, na ya kawaida haina bei kubwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa kwetu Afrika. Mwaka 1959 mchezo wa muziki wa King Kong ulifunguliwa Johannesburg katika ukumbi mkuu wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, hadithi ya bondia, na nafasi kuu ya kike alikuwa nayo Miriam Makeba. Februari 1961 mchezo ukafika London, ukumbi wa Princes. Makeba hakuwamo tena. Alikuwa ameshakwenda Marekani, na nafasi yake alicheza Peggy Phango. Ukiweka programu ya Johannesburg na ya London pamoja mezani, unaona kwa macho yako jina moja limetoka na jingine limeingia, na katikati ya karatasi hizo mbili kuna historia nzima ya wasanii waliotoka Afrika Kusini wasirudi nyumbani kwa miaka mingi. Wanaume wa kundi la Manhattan Brothers waliokwenda na mchezo huo walibaki Uingereza. Kama mjomba aliuona mchezo huo, programu yake itafute kwa taa.

Soma pia majina ya chini ya orodha, si ya juu pekee. Kati ya mwaka 1954 na 1955, kundi la Kimarekani lilikuwa likizunguka Ulaya na kufika hadi Misri na opera ya Porgy and Bess. Miongoni mwao alikuwamo mwimbaji na mcheza dansi aliyeitwa Maya Angelou, miaka mingi kabla dunia haijamjua kama mwandishi. Mtu aliyenunua programu ile mwaka huo hakuwa na sababu yoyote ya kulitazama jina lake mara mbili.

Sasa suala la mwaka. Wachapaji wa kumbi waliandika siku na mwezi, mwaka wakauacha, kwani nani ataisoma mwaka ujao? Lakini siku ya wiki ikikaa pamoja na tarehe, inatosha kuanzia. Katika picha ulizonitumia kuna moja inayosema "Jumatatu, Oktoba 14, kwa wiki moja". Oktoba 14 haiangukii Jumatatu kila mwaka. Tangu 1925 hadi 1989 iliangukia Jumatatu mwaka 1929, 1935, 1940, 1946, 1957, 1963, 1968, 1974 na 1985. Kalenda yoyote ya miaka mingi itakuonyesha hivyo. Kutoka miaka zaidi ya sitini tumeshabaki na tisa.

Halafu tazama bei. Imeandikwa 6d, yaani peni sita za zamani. Uingereza iliacha fedha hizo tarehe 15 Februari 1971, kwa hiyo 1974 na 1985 zimeanguka. Ukurasa wa mwisho umetaja wimbo wa taifa wa Malkia. Mfalme George wa Sita alifariki tarehe 6 Februari 1952, na kabla ya hapo wimbo ulimtaja Mfalme. Basi 1929 hadi 1946 zimeondoka. Zimebaki 1957, 1963 na 1968. Na hapa ndipo matangazo uliyoambiwa ni takataka yanapofanya kazi: kwenye kona ya ukurasa wa tatu kuna duka linalokodisha televisheni za rangi. Televisheni ya rangi ilianza kurushwa hewani Uingereza mwaka 1967. Programu yako ni ya Oktoba 1968. Hakuna aliyeiandika tarehe hiyo, lakini imesimama kwa miguu yake.

Jifunze alama nyingine za namna hiyo, kila mkusanyaji ana zake. Tangazo la ndani linaloeleza cha kufanya king'ora cha ndege za adui kikilia ni la miaka ya vita, na programu za miaka hiyo huwa ndogo au karatasi moja tu, maana karatasi ilikuwa ya mgao. Tangazo linalojisifu kwamba sasa unaweza kununua pipi na chokoleti utakazo kwa kawaida linatoka baada ya Februari 1953, mgao wa peremende ulipokwisha. Majina ya kumbi nayo yanasaidia: ule ukumbi wa Princes ulioupokea King Kong umeitwa Shaftesbury tangu 1963. Ila nakuonya juu ya alama moja inayowapoteza wengi. Ukumbi wa London ulikuwa His Majesty's wakati wa wafalme na Her Majesty's wakati wa Malkia, lakini ukumbi wa Aberdeen uliofunguliwa mwaka 1906 umebaki His Majesty's muda wote, Malkia akiwepo na asiwepo. Usiukadirie mwaka kwa jina hilo peke yake.

Ukishapata mwaka, andika kwa penseli laini, kwa herufi ndogo, nyuma, pembeni. Wala usiandike "1968" tu. Andika umejuaje: "siku na tarehe, 6d, tangazo la TV ya rangi". Atakayekuja baada yako apate kukukagua.

Nije kwenye jambo linaloniuma. Ndani ya programu zako umesema kuna "vikaratasi vinavyodondoka": vipande vya tiketi, tangazo dogo kwamba usiku huo nafasi ya fulani itachezwa na fulani, kipande cha gazeti, na katika moja kuna namba ya basi kwa mwandiko wa mjomba. Tafadhali, kila kikaratasi kirudi katika programu kilikodondoka, leo hii, kabla hujafanya lingine. Nilipoanza kazi hii nilivitoa vikaratasi vyote kwenye mkusanyiko wangu wa kwanza na kuvitia katika bahasha moja, nikidhani naviweka salama. Sasa nina bahasha imejaa matangazo ya waigizaji wa akiba ambao sijui walicheza wapi wala lini. Walisimama jukwaani usiku mmoja badala ya mtu maarufu, labda usiku mkubwa kuliko wote maishani mwao, na ushahidi wao nimeukata kamba mimi kwa mkono wangu. Hilo halitengenezeki. Usilirudie.

Kuna tatizo moja la kweli: karatasi ya gazeti na ya tiketi ina asidi, na ikikaa muda mrefu inaacha doa la kahawia kwenye ukurasa inaougusa. Dawa yake si kutenganisha. Weka karatasi isiyo na asidi katikati, kisha vyote viwili viingie katika mfuko mmoja.

Kuhusu mifuko, nunua ya poliesta, ile isiyo na harufu. Plastiki laini inayonuka kama mkoba mpya ni PVC. Baada ya miaka inatoa mvuke na mafuta, wino unagandia juu yake, na ukivuta unavuta uso wa mwigizaji. Usitumie selotepu kabisa, hata kwa mpasuko mdogo. Usifunge mafungu kwa raba. Usipeleke kulaminishiwa, nimeletewa programu ya thamani iliyolaminishwa kwa mapenzi mema, na hakuna nilichoweza kufanya.

Pini zenye kutu zinataka subira. Kama pini imetulia na kutu haijala karatasi, iache. Kama inatafuna, laza programu mezani ikiwa wazi katikati, nyanyua miguu ya pini kwa kisu butu chembamba, isukume itoke yenyewe, usivute. Kisha acha kurasa zikae bila pini ndani ya mfuko. Hazitapotea.

Sanduku la bati waliloliamini wazee wetu linafaa safarini, ila si pa kuhifadhia karatasi. Bati hutoa jasho kukiwa na baridi. Hamishia programu katika maboksi ya kadibodi isiyo na asidi, zilale au zisimame zikiwa zimeegemezana bila kubanwa, na boksi likae ndani ya chumba mnachoishi ninyi. Darini kuna joto, chini ya ardhi kuna unyevu. Unyevu wa wastani wa asilimia 35 hadi 50 unafaa, lakini kubwa kuliko namba ni utulivu: karatasi huumia zaidi kwa kupanda na kushuka kila siku. Zile za kumeta zina hatari yake. Zikilowa na kukauka zikiwa zimefungwa, kurasa zinagandana kama tofali na hazifunguki tena. Ikitokea moja imelowa, ifungue ukurasa kwa ukurasa ingali mbichi.

Ukiona wadudu wadogo wa rangi ya fedha, au mavi ya mende, funga programu katika mfuko wa nailoni usioingiza hewa na uitie kwenye friza kwa wiki mbili. Ukiitoa usifungue mfuko mpaka siku ya pili, ili umande ushike nje ya nailoni na si kwenye karatasi.

Hukuuliza bei, lakini watu wataanza kukuuliza wewe. Nyingi ya programu za ziara, nzuri na nyembamba, hazizidi bei ya chakula cha mchana. Atakayekuahidi utajiri kwa sanduku zima anakudanganya, na atakayetaka kulinunua lote upesi bila kulipekua muogope zaidi. Mambo machache ndiyo yanayopandisha bei: wiki za majaribio, jina lililokuja kuwa kubwa, usiku wa kwanza, saini ya kweli. Saini itazame kwa kioo cha kukuzia. Iliyochapwa inaonekana kwa vitone vidogo; ya kalamu ina mstari uliojaa, na mara nyingi ukigeuza ukurasa unahisi mchirizo wake kwa kidole. Na kwa kuwa mjomba alikuwa Liverpool, angalia kama kuna programu za ziara za muziki za mwaka 1963, zile ambamo Beatles walikuwa kundi mojawapo kati ya kadhaa. Hizo zina bei kweli, na kwa sababu hiyohiyo zimeigizwa sana. Usiiuze wala usiinunue bila kuiweka mkononi mwa mtu anayezijua.

Ukiamua siku moja kuzitoa, Uingereza ina nyumba mbili ninazoziheshimu: makusanyo ya sanaa za jukwaani katika Victoria and Albert Museum, yaliyoanza mwaka 1924 kwa zawadi ya mama mmoja mkusanyaji, Gabrielle Enthoven, aliyekuwa na makaratasi mengi mno, na makusanyo ya tamthilia ya Chuo Kikuu cha Bristol, yaliyoanzishwa mwaka 1951. Waandikie kwanza, uwape orodha. Huenda wakataka kumi tu, na ni zile kumi ulizoambiwa utupe.

Lakini programu zako za nyumbani nakuomba usizichanganye na hizo. Umesema ziko tatu za Nairobi, na karatasi moja ya Kampala iliyopigwa taipureta na kunakiliwa kwa stensili. Hizi nne zinanikosesha usingizi kuliko zile 136.

Kwetu hakukuwa na wakusanyaji wengi. Kumbi zilifungwa, ofisi zikahama, mchwa wakala. Tangu 1965 wanafunzi wa Makerere walikuwa na kundi lililozunguka bila kiingilio, Uganda na Kenya, wakicheza kwa lugha kadhaa, Kiswahili kikiwamo, mashuleni na viwanjani. Maelfu ya watu waliona tamthilia kwa mara ya kwanza maishani mwao kupitia vijana wale. Kama karatasi yako ya Kampala ni ya ziara hizo, basi orodha ya majina iliyomo ni ya watu waliokuja kuwa walimu, waandishi na viongozi, na huenda haipo mahali pengine popote. Na kama mojawapo ya zile tatu za Nairobi ni ya Kenya National Theatre, Oktoba 1976, isome kwa makini sana. Mwezi huo ndipo ilipochezwa michezo miwili iliyokwenda kuiwakilisha Kenya Lagos mwanzoni mwa 1977 kwenye FESTAC, tamasha la sanaa na utamaduni wa watu weusi: The Trial of Dedan Kimathi na Betrayal in the City. Programu ya Nairobi na ya Lagos ni ndugu wawili, na sijawahi kuwaona wamekaa pamoja.

Hizo nne zipige picha ukurasa kwa ukurasa, mbele na nyuma, hata kurasa tupu, na picha uziweke mahali pawili. Zenyewe, ukifika wakati wa kuziachia, zirudi huku: hifadhi ya nyaraka ya taifa Nairobi, au maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam yenye idara ya vitabu na makaratasi ya Afrika Mashariki. Lakini usizipeleke bila maelezo, na maelezo yenyewe hayamo sandukuni.

Umeniambia mama yako yuko hai, Mombasa, na kwamba alikuwa dada mdogo wa marehemu. Mpigie wiki hii. Muulize kaka yake alishuka melini mwaka gani, alikwenda Nairobi lini na kwa nani, Kampala alifuata nini, na ni nani aliyekuwa akikaa naye kwenye kiti cha pili, maana umesema vipande vya tiketi viko viwiliviwili. Mwachie aongee, umrekodi kwa simu kama ataridhia. Kisha andika tarehe ya mazungumzo, uweke karatasi hiyo juu kabisa ya boksi, na unitumie picha ya ile ya Kampala, pande zote mbili.